Hapa Hatugongi Mlango

Gerson aligonga mlango wa kwanza kwa spana aliyokuwa nayo mkononi, na Mtaa wa Makuli wote ukafunguka. Si nyumba ile moja. Milango ilifunguka kuanzia juu hadi chini ya mtaa, karibu kwa pamoja, na watu wakatoka wakasimama kwenye ngazi zao. Hakuna aliyemtazama Gerson. Walitazama chini, kwenye mfereji wa maji ya mvua unaopita mbele ya nyumba zao.

"Jamani, tumekuja kwa wema," Gerson alisema. "Mbona mnatutokea kama tumeleta polisi?"

Mzee mmoja, aliyesimama kwenye nyumba ya pili kutoka mwisho, alimjibu.

"Wewe mwenye spana, hapa hatugongi mlango. Una mdomo. Sema hodi."

Loisi Mazengo, aliyesimama nyuma ya Gerson, alikariri hilo kichwani kama alivyokariri aina ya udongo na mwinuko wa ardhi. Alikuwa mhandisi. Siku za kazi alichora barabara za Dodoma mpya. Jumamosi alitoka na kikundi cha watu wa kujitolea kukarabati mitaa ya zamani, ile iliyojengwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi. Mtaa wa Makuli ulikuwa mmoja wa mitaa hiyo: safu moja ya nyumba za udongo na bati inayotazama ukuta wa reli, ambako Warangi kutoka Kondoa, na baadaye Wanyamwezi, walikaa ili wawe karibu na mabehewa waliyoyapakua. Loisi aliamini kwamba mila za mahali ni sehemu ya mahali. Unazijua, kisha unajenga.

Aliyewaita alikuwa Bi Mwajabu wa nyumba ya mwisho, pale mfereji unapoingia korongoni. Mjukuu wake Ikram alitumbukia mferejini akavunjika mguu, na bado alikuwa na bandeji ya plasta hadi kwenye paja. Mfereji ulikuwa wa mawe, wenye kina cha kumfika mtu mzima kifuani, umejaa mifuko na maji meusi. Kazi haikuwa na utata: kuusafisha na kuufunika kabla ya mvua za Desemba.

Loisi aliona kitu kingine siku ile ile. Kingo za mfereji zilichongwa kwa ndani, upande huu na upande ule, ili zibebe mifuniko. Kwa hiyo mifuniko iliwahi kuwepo. Alitembea na futi ya chuma kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mlango ulikuwa na ngazi ya zege iliyokaa juu ya udongo bila kushikana na nyumba, na zote zilikuwa na upana mmoja, ule ule wa kingo za mfereji. Ni mlango wa Bi Mwajabu tu uliokuwa na udongo mtupu.

Wakazi wote waliahidi kuja kwenye kazi Jumamosi iliyofuata. Hakuja hata mmoja isipokuwa Bi Mwajabu, aliyeleta chai. Loisi akaenda moja kwa moja kwa yule mzee, ambaye kumbe ndiye mjumbe wa mtaa. Jina lake Zaidi.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeamkaje huko maghorofani?"

"Salama. Mzee Zaidi, ngazi hii mliipata wapi?"

"Ipo siku zote."

"Ni mfuniko wa mfereji. Nimeupima. Kila nyumba ina wake. Sisi tunachangishana kununua saruji, kumbe mifuniko imo milangoni mwenu."

Zaidi alicheka kwa pua. "Ninyi Wagogo. Mmetupokea mjini kwenu tangu enzi za babu zetu, hamjatuita wezi. Mlikuwa mnaisubiri siku ya leo?"

"Sijasema wezi."

"Umepima, binti yangu. Mtu akishapima ameshasema." Aliinuka, akaikanyaga ile ngazi kwa kisigino. "Keti hapo. Si juu yake. Keti kwenye kiti."

Loisi aliketi, na Zaidi akamweleza akiwa amesimama.

"Mifuniko hii tuliitengeneza kwa zege wenyewe, mwaka ule wa mvua za Elnino. Watoto walikuwa wakitumbukia, kama huyu Ikram. Hatukumwita mtu. Tulichanga, tukapiga msaragambo, mtaa mzima kazini, tukafunika juu hadi chini. Tukaziba viungo kwa saruji ili takataka zisipite. Kule mwisho, mbele ya kwa Bi Mwajabu, tukaweka wavu wa nondo ili watoto wasiingie kuchezea. Kazi safi. Hata wewe ungeisifu."

"Ningeisifu."

"Tulipomaliza, ndani ulibaki mchanga na mbao. Akaingia kuvitoa Hashimu, mume wa Bi Mwajabu, Mungu amrehemu. Alikuwa kuli wa stesheni, mwembamba, hakuna gunia lililomshinda. Aliingilia kule juu."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Jua lilikuwa kama hili."

"Basi ilinyesha milimani."

"Ndivyo walivyokuja kutuambia wenzako waliosoma. Sisi tulisikia tu maji yameingia kule juu, yanavuma. Kisha tukamsikia Hashimu. Alikuwa anakimbizwa na maji, anagonga mfuniko baada ya mfuniko. Tukachukua mitaimbo. Ulipokuwa unavunja saruji ya viungo kule juu, yeye ameshafika mbele, anagonga kwa mama Daudi. Ukifika kwa mama Daudi, anagonga kwa Bartolomayo. Alipita nyumba zote, binti yangu. Alibisha nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyeweza kumfungulia. Kwangu aligonga polepole."

Loisi alitazama nyumba ya mwisho. Bi Mwajabu alikuwa akiosha vikombe uani.

"Na kwake?"

"Alikuwa amesimama juu ya mfuniko wake, hana hata kiatu, anasubiri. Hakusikia kitu. Tulimkuta Hashimu amebanwa kwenye ule wavu, chini ya miguu ya mkewe. Alifika. Ila hakugonga."

Zaidi aliendelea kwa sauti ya mtu anayemalizia taarifa. Baada ya matanga waling'oa kila kitu. Hakuna aliyekubali mifuniko itupwe, wala itumike tena. Kila nyumba ikabeba ule ambao Hashimu aliugonga mbele yake, ikauweka mlangoni, ili mtu asitoke wala asiingie bila kuukanyaga. Wa Bi Mwajabu haukuwa na mtu wa kuubeba, kwa kuwa haukugongwa. Waliuvunja wakauzika korongoni.

"Sasa umejua," alisema. "Na siku yule mwenzako alipogonga kwa chuma, ulituona."

Loisi alirudi nyumbani Miyuji akafungua michoro yake. Mifuniko ya zege yenye viungo vya saruji, wavu wa nondo mwishoni: alikuwa amechora kazi ile ile ya Elnino, hadi vipimo. Hakulia. Alifuta. Alichora fremu za chuma zenye bati nene, zenye bawaba upande mmoja, nyepesi kiasi kwamba mtu aliye chini angeziinua kwa mkono mmoja. Wavu aliuondoa. Gerson, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alizitengeneza kwa wiki kadhaa kwenye karakana yake bila kulipwa, akilalamika kwamba kazi ya kujitolea ndiyo pekee inayomchosha.

Ziliposhushwa mtaani, wakazi waliziinua, wakazifunga, wakazisifu. Kisha wakasema hapana. Walikusanyika uani kwa Bi Mwajabu na wakasema hapana mmoja baada ya mwingine kwa adabu kubwa: pengine mwakani, pengine mtaa wa pili una shida zaidi. Mama Daudi alisema afadhali amfunge Ikram kamba kiunoni kuliko kuona mfereji ule unafunikwa tena.

"Mfunge wako," Bi Mwajabu alisema.

Alisimama akiwa amemshika Ikram begani.

"Mnaogopa kumsikia tena. Haya. Ninyi nyote aliwabishia hodi. Wewe, mama Daudi, na wewe, Zaidi. Miaka yote mnakaa hapa mnaninyamazia kana kwamba mimi ndiye niliyepona. Mimi ndiye niliyekosa. Mume wangu alibisha kwa majirani wote, kwangu hakubisha. Nimelala na mlango wazi. Nimekataa kuhamia kwa wanangu Kondoa. Mfereji ukiwa wazi hivi atabisha wapi? Nifunikieni."

Hapo ndipo Loisi alipoelewa kwa nini mwanamke huyu ndiye aliyekwenda kuwaita. Mguu wa mtoto ulikuwa sababu ya kweli. Haukuwa sababu pekee.

Zaidi alijikuna kidevu kwa muda mrefu. "Anayesema inafunguka kwa chini," alisema hatimaye, "aingie yeye. Atoke mbele ya macho yetu. Nami nitakubali."

"Nitaingia," Loisi alisema.

Mifuniko iliwekwa Jumamosi asubuhi. Loisi alimtuma Gerson na simu kwenye daraja la korongo upande wa milimani, aangalie maji na mawingu. Gerson akapiga: mchanga mkavu, mbuzi wanalala. Loisi akavaa kofia ngumu yenye tochi, akaingilia kule juu.

"Usigonge," mama Daudi alimwambia.

"Sitagonga."

Ndani aliweza kwenda kwa kuinama. Mawe yalitoa ubaridi, na mwanga uliingia kwa mistari myembamba kwenye viungo. Alifuata utaratibu aliojipangia: kila nyumba anasimama, anaweka kiganja juu, anasukuma. Mfuniko unafunguka, uso wa mtu unamtazama kutoka juu, anaushusha taratibu ili usilie, anaendelea. Kwa mama Daudi ulifunguka. Kwa mama Daudi ulifunguka. Alisikia pumzi zake na nyayo zake tu, na alikuwa na hakika hiyo kwa sababu alikuwa akisikiliza.

Mbele ya kwa Zaidi alikuwa amechoka mgongo. Uliobaki ulikuwa mfuniko mmoja tu, wa mwisho. Aliona ushahidi umetosha. Alisukuma, akasimama wima, kichwa na mabega yakatoka juani.

"Mzee Zaidi," alisema, "unaona? Kwa mkono mmoja."

Zaidi hakumtazama. Mtaa mzima ulikuwa umempa mgongo. Wote walikuwa wamegeukia nyumba ya mwisho, ambako Bi Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni, juu ya udongo mtupu, akitazama mfuniko uliokuwa mbele ya miguu yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebishiwa hodi.

"Karibu," alisema.

Ikram alitoa kichwa nyuma yake. "Bibi, nani?"

Bi Mwajabu alijisogeza pembeni kidogo, kama mtu anavyompisha mgeni, akakaa hivyo. Kisha akavuta mtandio wake vizuri kichwani.

"Ni chuma," Loisi alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Chuma kikipata jua hutanuka. Hutoa sauti."

"Ndiyo, mhandisi," Zaidi alisema kwa upole.

Loisi alitoka mferejini, akaenda, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye mfuniko wa mwisho. Ulikuwa kwenye kivuli cha nyumba tangu asubuhi. Ulikuwa baridi. Akauinua, akamulika ndani: mawe, mchanga uliofagiliwa, na mwanga wa korongo kule mwisho, pasipo wavu. Aliushusha. Hakusema tena habari za chuma.

Alipoinua macho, Bi Mwajabu alikuwa ameshaingia ndani, mlango ameuacha wazi.

"Mhandisi," sauti yake ilitoka humo, "ile saruji iliyobaki mlipokaza fremu kwenye kingo inatosha ngazi moja?"

"Inatosha, bibi."

"Basi na mimi nipimieni yangu."

Loisi alichukua futi. Vipimo alivijua, alikuwa amevipima mlango kwa mlango. Hata hivyo alipofika kizingitini, mkono uliinuka wenyewe kuelekea kwenye ubao wa mlango. Akaushusha.

"Hodi," alisema.

Bi Mwajabu akaitikia kwa sauti ile ile aliyoitumia dakika chache kabla.

"Karibu."