Mkono wa Kushoto wa Kapteni Pamba

Walimwita Kapteni Pamba, maana alitua taratibu hata mtoto aliyelala asiamke. Jamani, sifa nyingine ni mzigo! Miezi mitatu sasa mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na aliyejua ni mkewe tu, aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi huku amenuna. Daktari wa marubani alipombonya vidole na kuuliza, "Unasikia?" yeye aliukodolea macho ule mkono, akajibu, "Nasikia." Angesema kweli, leseni ingekwenda na maji, na kazi nyingine hakuijua.

Siku moja, akishuka kutua, upepo uliipiga ndege ubavuni. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye vishikio vya injini, wa kushoto kwenye usukani. Usukani wa ndege kubwa haung'ang'aniwi. Unaugusa kidogo hivi, kidogo vile, na ndege inakujibu kiganjani. Yeye hakujibiwa kitu. Akausogeza, bawa likazama kuliko alivyotaka. Akalirudisha, likapitiliza upande wa pili.

"Kapteni, bawa!" alisema rubani msaidizi, binti wa umri wa kumzaa kabisa.

Nyuma yao abiria mia mbili na kumi walikuwa wamefunga mikanda. Alijua anapaswa kuogopa, lakini hata hofu haikuja. Akajisikia tu akisema, "Chukua wewe."

"Nimechukua," binti akajibu papo hapo, bila kwa nini wala vipi. Akainyoosha pua ya ndege kwa pedali za miguuni, akaiinua kidogo, na magurudumu yakabamiza chini, puu! Huko nyuma mtu akapiga yowe, "Mama yangu!" kisha wakapiga makofi, wanafiki wakubwa.

Injini zilipozimwa, binti alitoa fomu. Rubani akikabidhi usukani hapo karibu na ardhi, lazima sababu iandikwe.

"Mzee, upepo ulikuwa mkali kweli," alisema kwa upole. "Niandike upepo?"

"Lete kalamu."

Akaandika mwenyewe: mkono wa kushoto hauna hisia, miezi mitatu, nilimficha daktari. Akatia sahihi. Halafu akampigia mkewe.

"Umetua?"

"Nimetua. Kesho nitakuwa nyumbani."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa. Nimewaambia, mama."

Mkewe akaanza kulia. Kapteni akamsikiliza, macho makavu, akisubiri machozi yake nayo yaje.