Nadine na Tangazo la Friji

Kiangazi cha 1952, mpiga picha wa jarida alimpiga Nadine picha akiwa juu ya farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, bustani ya bembea ilipofunguliwa kule Ohio. Mwezi haukuisha, polio ikamchukua. Nyumbani hapakuwa na picha yake nyingine, kwa hiyo Verla, mama yake, akalisubiri jarida.

Lilipofika, Nadine alikuwa amekatwa pichani kupisha tangazo: mwanamke kalikumbatia friji, anachekelea utadhani kalizaa yeye.

“Labda yuko ukurasa mwingine.”

“Verla, umelifunua mpaka linachanika,” mumewe alisema. “Hayupo, mke wangu.”

Verla akainama tena. Kando ya friji vilibaki vidole vimeshika fimbo ya yule farasi wa mbao, kimoja kina plasta ambayo Verla mwenyewe alikifunga asubuhi ile ya picha.

“Huyu hapa,” alisema, akaenda kuchukua mkasi.