Mioyo ya Pweza

Kila Jumamosi asubuhi, mteja aliyeingia kwa fundi cherehani mmoja wa mtaani alijua kwamba hapimwi mtu mpaka chemsha bongo ya redio iishe. Alikaa kwenye benchi akasubiri, na akithubutu kukohoa aliangaliwa kwa jicho baya. Simu ililala juu ya meza ya cherehani, mkasi ubavuni mwake, tayari kupigwa. Hewani walimwita Mama Sindano, na tusimnyime haki yake: mambo alikuwa anayajua kwelikweli.

Lakini siku hizi hakupiga simu ili apatie. Alipiga ili akosee.

Ilianza hivi. Siku moja mtangazaji aliuliza Vita vya Miaka Mia vilidumu miaka mingapi. Mama Sindano akajibu kwa madaha kwamba ni mia, jina lenyewe si linasema? Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamume mwenye sauti nzito.

"Mwambie huyo mama ni mia na kumi na sita. Au akiletewa kitambaa huwa anashona bila kupima?"

Studio nzima ikaangua kicheko. Mama Sindano hakucheka. Miguu ilikuwa imeganda juu ya kanyagio la cherehani, maana sauti ile ilikuwa ya kaka yake, fundi saa wa mtaa wa pili, na tangu mazishi ya mama yao hawakuwa wamesemezana.

Siku ile ya msiba, mbele za watu, dada alikuwa amemwambia kaka yake, "Wewe ndiye uliyemchelewesha mama hospitali." Haikuwa kweli, na alijua si kweli hata kabla hajafumba mdomo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kaka akachukua kofia yake akaondoka. Dada akangoja kaka aje, kaka akangoja dada aje, na miaka nayo haimngoji mtu. Vichwa vigumu kama kokwa, wote wawili, Mungu awasamehe.

Basi Mama Sindano akagundua jambo: akipatia, kimya, akikosea, kaka anapiga. Akaanza kukosea makusudi. Akasema piano ina vibonye themanini. Kaka akapiga kusema ni themanini na nane, vile vya huyo mama labda ni vifungo vya gauni. Akasema buibui ana miguu sita. Kaka akamshauri anunue miwani. Wasikilizaji waliwapenda, wakambandika kaka jina la Mzee Saa, wakadhani ni watani wa redioni tu. Nani angejua kwamba pale ndugu wawili walikuwa wanajuliana hali?

"Huyo Mzee Saa anakuonea, mama," mteja mmoja alimwambia.

"Mwache," akajibu, "hana kazi nyingine." Na siku hiyo alishona mpaka jioni huku akiimba.

Kisha Mzee Saa akanyamaza. Jumamosi ikapita, ikaja nyingine. Mama Sindano akakosea sayari, akakosea wachoraji, wapi! Waliomsahihisha walikuwa watu baki. Akaanza kuogopa. Mtaa wa pili si safari, ni kwenda tu ukabisha hodi. Alivaa viatu, akafika mlangoni, akarudi akavivua. Ataanza kusema nini?

Akaamua kutupa karata ya mwisho. Utotoni, mama yao alizoea kuwauliza maswali wakati wa kugawa chakula, na aliyepatia alichagua kipande kwanza. Siku moja aliuliza pweza ana mioyo mingapi. Dada akasema mmoja. Kaka alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani, kisha akamnyooshea vidole vitatu puani. Tangu hapo, akitaka kumchokoza dada yake, hakuhitaji neno. Alinyoosha vidole vitatu, basi, na ugomvi ukaanza.

Jumamosi iliyofuata, zamu ya wasikilizaji kutoa maarifa yao ilipomfikia, Mama Sindano alisema polepole, "Pweza ana moyo mmoja tu. Anayebisha na apige."

Wakapiga wengi. Kaka yake hakupiga.

Siku chache baadaye mke wa kaka yake aliingia pale kazini, macho yamemvimba.

"Wifi," alisema, "kaka yako ametutoka."

Mama Sindano akakaa chini palepale, juu ya vipande vya vitambaa. Wifi akakaa kando yake, akamweleza. Kiharusi. Kilimchukua upande mmoja, kikamchukua na sauti.

"Mbona hukuniita?"

"Ningeanzia wapi, wifi? Nyinyi hamkuwa mnasemezana."

Wakalia. Kisha wifi akajifuta uso.

"Lakini alituaga," alisema. "Jumamosi nilikuwa jikoni, redio iko kitandani kwake. Nikasikia anahangaika. Naingia, namkuta ameinua mkono ule mzima, vidole vitatu juu, na uso kama anataka kucheka. Nikazima redio apumzike. Wapi, akazidi kuvitikisa! Ndipo nikaelewa. Watoto wake watatu. Nikawaita, wakaja, kila mmoja akashika kidole chake. Hilo ndilo linalowatuliza mpaka sasa, kwamba baba hakumsahau hata mmoja." Akamgeukia Mama Sindano. "Ni hivyo, sivyo? Wewe ulimjua kabla yangu."

Mama Sindano alifungua mdomo. Ukiacha yale ya kumwita kaka yake redioni, maisha yake yote hajapata kulijua jibu akaliacha lipite. Na hili lilikuwa lake. Kaka yake alimsikia. Kaka yake alimjibu, tena kwa kicheko, na yeye dada alikuwa mtaa wa pili tu, amevua viatu. Alitamani kulitamka kwa sauti ili apate walau kitu kimoja cha kubaki nacho.

Akamtazama wifi yake, jinsi alivyokuwa akingoja.

"Ni hivyo, wifi," akasema. "Ni watoto wake."

Wifi akamshukuru, akainuka kwenda kwa wanawe. Mama Sindano akabaki sakafuni akiitazama simu, ingawa alijua kwamba safari hii hakuna atakayepiga kumsahihisha.