Kisu na Wodi Isiyo na Maji

Kwenye chumba cha habari walimwita Kisu, na si kwa ukali wa ulimi. Alikuwa akizikata sentensi za wenzake hadi zibaki mifupa mitupu. Alizeeka kwenye meza ya uhariri, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, chai imepoa pembeni, akiwakariria waandishi chipukizi sheria ileile: anayetaka maneno yake yasiandikwe aseme kabla hajayatamka. Akishayatamka, ni mali ya gazeti.

Kisha akagombea ubunge, akashinda, akapewa wizara ya afya. Suti zilimkaa vizuri. Mkewe alisema amependeza, ila siku hizi ukimwomba chumvi anakuhutubia kwanza.

Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa unabisha hodi, na kiti chake kilikuwa kinacheza. Mbele ya meza yake ya wizarani aliketi mwandishi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, kompyuta mapajani, kinasa sauti kikiwaka taa nyekundu mezani.

"Shikamoo, bosi. Au niseme mheshimiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Bado mnakunywa ile chai ya kutisha?"

"Bado. Tena tumekosa mtu wa kuilalamikia."

Walicheka. Mwandishi hakungoja kicheko kipoe.

"Wodi ya wazazi uliyoizindua haina maji. Wauguzi wanapanda ngazi na ndoo. Ulijua?"

Msaidizi wa waziri, aliyesimama karibu na mlango, akakohoa. Jibu alikuwa amelipika tangu asubuhi: suala linashughulikiwa. Kisu alilifahamu jibu la aina hiyo. Enzi zake alilitupa pipani kila siku. Huenda ndiyo maana halikumtoka mdomoni, au huenda ni kule kutajwa kwa ile chai. Kwa dakika hiyo alijiona yuko kwenye meza yake ya zamani, anapiga soga na mtu wa nyumbani.

"Nilijua. Mkandarasi aliniambia mabomba hayajaunganishwa. Lakini kampeni ilikuwa inakaribia, nikakata utepe hivyohivyo." Akajiegemeza kitini. "Hilo ni letu sisi wawili. Usiliandike."

Mwandishi alikitazama kinasa sauti, kisha akamtazama yeye.

"Bosi, umesema baada ya kuyatamka."

"Dada," msaidizi akadakia, "mheshimiwa amekwambia usiandike."

"Kaka, sheria si yangu. Muulize aliyenifundisha."

Msaidizi alimgeukia waziri. Waziri alikuwa akikwangua ukingo wa meza kwa kucha, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka.

"Utaandikaje?" akauliza hatimaye. "Nisomee."

Mwandishi aligongagonga kompyuta yake, akasoma: "Waziri amekiri kwamba alikuwa na ufahamu wa kutosha kuhusu ukosefu wa huduma ya maji katika wodi hiyo wakati alipokuwa akiizindua."

Kisu alikunja uso kama aliyetafuna mchanga.

"Ufahamu wa kutosha ndiyo nini? Mbona unazunguka mbuyu?"

"Nilitaka kukustahi, bosi."

"Mstahi msomaji. Waziri alijua wodi haina maji. Kituo."

"Mheshimiwa," msaidizi akanong'ona, "kiti kinaondoka hicho."

"Nimesikia."

Mwandishi alifuta, akaandika upya, akamgeuzia kioo cha kompyuta asome. Kisu alisoma mara mbili akitafuta neno la kukata. Hakuliona. Akakirudisha, akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaanza kuikunja hadi viwikoni.