Bundi wa Paa la Bibi Aurelia

Mtoto wa bundi alianguka kutoka kwenye paa la jirani mgonjwa, Bibi Aurelia. Edina akamwokota, akamweka ndani ya tenga na kumlisha kwa siku kadhaa vipande vya usipa, wale dagaa wa ziwani. Kumrudisha kiotani ndiko kulikokuwa na kazi. Hapa Lundo, mtu akionekana anapandisha bundi juu ya nyumba ya mgonjwa, hata kama ana rozari shingoni, huyo ni mchawi, na hakuna atakayetaka maelezo yake. Kwa hiyo Edina alikwenda mchana kweupe, ndege mkononi, akamtaka Joakim, mtoto wa bibi, amshikie ngazi yeye mwenyewe.

Joakim alisonya, lakini akaishika. Edina akapanda, akamsukuma yule ndege ndani ya mwanya wa paa, naye akamdonoa kidole kwa shukrani.

Sauti ikatoka chumbani. "Nani huko juu?"

"Shikamoo, bibi. Ni Edina. Mtoto wa bundi alianguka, nimemrudisha kwa mama yake."

Bibi Aurelia alikuwa amemsikia bundi mkubwa akilia juu yake usiku baada ya usiku, akajua anaitwa kaburini. Uji alishaukataa, katekista alishakuja kumwombea, na kanga ya kuzikiwa ilikuwa chini ya mto.

"Kumbe alikuwa anamlilia mwanawe?"

"Ndiyo, bibi."

"Joakim!" Sauti sasa ilifika mpaka barabarani. "Kawapitie wote niliowagawia kuku wangu. Waambie sijafa."