Mikono ya Ching-lan Kwenye Barafu

Ching-lan alikuja kwangu mjini Chiayi akiwa na miaka kumi na mitatu, begi moja, na sifa ya kurusha viti. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kumpokea. Afisa wa ustawi wa jamii aliyemleta alininong'oneza jikoni, "Mama Mien, huyu akikasirika hasikii wala haoni." Nikamjibu kwamba hata marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo, na tuliishi miaka thelathini.

Nilikuwa najipa moyo tu. Wiki ya kwanza alivunja bakuli nne kwa sababu nilimgusa bega nikiwa nyuma yake. Kisha akajikunyata chini ya meza, anatetemeka kuliko mimi. Sikumfokea. Nilifagia vigae, nikanunua bakuli za plastiki, na tangu siku hiyo nikawa naita jina lake kabla ya kumkaribia.

Kila Alhamisi nilimpeleka kwa mshauri wake, Bwana Kuo, kijana mpole mwenye miwani. Wakagundua kwamba hasira ya Ching-lan huanzia mikononi: viganja huwaka moto kabla kichwa hakijajua lolote.

"Vikianza kuwaka, ondoka," Bwana Kuo alimwambia. "Tafuta kitu cha baridi ushike."

Ching-lan akabetua midomo.

Jumamosi moja, mwezi wa tatu tangu aje kwangu, alinifuata sokoni kunisaidia kuuza mapera. Ana sauti huyo! "Mapera! Matamu mpaka yanaona haya!" Watu wakajaa. Jirani yangu Bi Lo naye akaja, ambaye hawezi kupita tunda bila kuliminya. Akaminya matano, halafu akasema, "Mien, ndiye huyu uliyepewa na serikali? Mrudishe mapema, kabla hajakumaliza."

Nikamwona Ching-lan akikunja ngumi, na ndani ya ngumi mna pera. Akaliweka chini taratibu, akaondoka.

Nilitamani kumkimbilia, nikajizuia. Nikamgeukia Bi Lo: "Hayo matano uliyoyaminya ni yako. Nikufungie?"

Ching-lan alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Hsieh, mzee auzaye samaki meza ya pili, akazamisha mikono hadi viwikoni kwenye barafu, katikati ya ngisi.

"We mjukuu, unatafuta nini humo?"

"Nina hasira, bibi."

"Na nani?"

"Yule mwenye kofia ya maua."

Bibi Hsieh akachungulia. "Aa, Lo! Mimi nina hasira naye mwaka wa sita huu. Hebu sogea." Naye akatumbukiza mikono yake.

Ching-lan akaangua kicheko. Miezi mitatu nyumbani kwangu, sikuwahi kukisikia.

Akarudi ananuka ngisi, mikono myekundu, akaniambia:

"Shangazi, sikumpiga."

"Nimeona."

"Lakini nilitaka."

"Hata mimi."

Sisemi amepona. Wiki mbili baadaye alipasua kioo cha bafuni, tukakaa chini tukaongea mpaka chai ikapoa. Lakini Alhamisi iliyofuata siku ile ya soko alimsimulia Bwana Kuo kisa kizima, akimwigiza Bi Lo na mwendo wake, mpaka mshauri akavua miwani afute machozi.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Jumamosi tuwahi sokoni, Shangazi. Yule mama muuza mapapai anatuchukulia nafasi yetu."

Nikamwambia basi Ijumaa alale mapema. Hakulala mapema, lakini Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ndiye aliyenigongea mlango, viatu miguuni.