Kijia cha Kwenda Viotani

...na sasa anaifuta tena ile miwani, mara ya tatu, kwa ncha ya tai, Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu asiyeweza kusema jambo bila kulipigia kengele kwanza, "ajenda namba nne, ndugu wajumbe, wageni kutembelea viota," na mimi katibu nimeinamia daftari, nimeandika namba nne, nikapiga mstari chini yake, nikapiga mwingine, wa tatu ukatoboa karatasi, maana kweli jamani, kamati ya kulinda ndege, tumebanana kwenye madawati ya darasa la kwanza magoti yakitugusa kidevu, tunajadili namna ya kupeleka watu hamsini wakawakanyagie korongo mayai, hamsini, Jumamosi hii, na viatu vyao, na watoto wao, na simu zao... "wasipowaona watawapendaje?" anauliza dada wa saluni, naye simshangai, kwake kila kitu sharti kipigwe picha, lakini korongo hajaomba kupendwa, mama wee, korongo anataka siku thelathini tu za kuatamia bila kubughudhiwa, mbona hata hospitali kuna saa za kufukuza wageni... "sasa wapite wapi?" huyo ni shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyetutengenezea kibao cha USIINGIE halafu akakisimika kimeelekea bwawani, wanaokisoma ni ndege, nilipomwambia akanicheka, "shemeji nawe, hukosi la kusema," na kibao kiko vile vile mwaka wa pili, ndio sisi hao, tuliwahi kufanya siku ya usafi tukayatoa magogo yote majini, magogo ambayo kobe walikuwa wakiotea jua, tukapigiana na makofi... nimechoka, nimechoka nao wote, na viota vinakwisha na hakuna anayenisikia, wiki ya kwanza ya mvua niliandika kumi na moja, leo asubuhi vinne, maganda yametapakaa kwenye matope, nikasema ni nguchiro, nikasema ni mbwa wa mlinzi, nikasema ni paka wa fundi cherehani, kwa huyo paka tukakosana kabisa, hadi leo fundi hanisalimii, yule pale dirishani na futi yake shingoni...

"Njia ipo," anasema fundi cherehani. "Ile ya Katibu."

Ile ya nani... "anayopita kila asubuhi kwenda kuhesabu," anasema, wala hana ubaya, anasema tu, "imeshanyooka, hata baiskeli inapita, tufyeke kidogo pembeni, basi," na Mwenyekiti, "hoja nzuri hiyo, Katibu andika," niandike nini, mimi sina njia, mimi napita taratibu, natenganisha matete kwa mikono, sikanyagi hovyo, napita pale pale kila siku kwa sababu ndipo matope yalipo magumu... pale pale kila siku, na buti za mpira, wiki tatu na zaidi, na tete likishalala haliamki, sasa nikishaondoka kwenda kufungua duka nani anapita pale, si niliziona nyayo za nguchiro, niliziona ndani ya alama za buti zangu mwenyewe, nikazichora, nikajiona mpelelezi, ngoja, ngoja kwanza, nyuma ya daftari, upande wa huku, kumi na moja, tisa, saba, vinne, na ng'ambo ya mfereji, kusikopitika, ambako nahesabu kwa darubini nikiwa juu ya ukuta wa shule, sita, sita, sita, sita, mwandiko wangu huu, wino wangu, nimeandika kila wiki na sikusoma, nilikuwa na kazi ya kutafuta paka... uso unaniwaka, Mungu wangu, viota saba nimewaonyesha nguchiro mlango mimi mwenyewe, na yule korongo wa kiota cha mwisho, yule asiyenikimbia, anayeinua kichwa tu na kunitazama, nilimsimulia mume wangu kwamba amenizoea, kwamba ananijua, kumbe amezoea wapi, ana mayai chini ya tumbo lake, angekwenda wapi...

"Kuna mwenye neno kabla hatujapitisha?" Mwenyekiti anauliza, anaivaa miwani, anaivua, dada wa saluni anatazama saa, shemeji anapiga miayo, na kalamu yangu bado iko kwenye namba nne, ninalo, ninalo neno, kijia kizibwe kwa miiba leo hii kabla jua halijazama, asipite mgeni, asipite mjumbe, na fundi cherehani atauliza, najua atauliza, "na wewe, Katibu?" na nitajibu mbele yao wote, mimi wa kwanza, na nitamwomba radhi ya paka wake, hilo litaniuma lakini si kama kesho, kesho alfajiri nitaamka saa ile ile na sitakuwa na pa kwenda, siku kumi zilizobaki za kuatamia, sitajua kama ni vinne au vitatu, sitajua kama yule wa mwisho ameangua, na kwenye safu ya kesho, upande wa huku, nitaandika sikwenda.